Kisima Alichokificha Mzee Shee

Nakumbuka siku niliyomwumbua Mzee Shee mbele ya wageni, mwanangu, na tangu uliponiambia juzi kwamba Hiribae amekupigia simu ukabebe maji ya watalii kwenye magofu ya Kipini, moyo wangu haujatulia. Nisikilize hadi mwisho. Shule niliacha darasa la nne, sina maneno ya kupanga, lakini haya niliyalipia kwa mguu huu unaouona.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Hiribae, binamu yangu wa hapa hapa Wema, alikuja na gari kutoka Garsen akiwa na mtu wa mjini aitwaye Titus, aliyesema anasoma habari za misikiti ya kale. Walitaka kijana wa kubeba mizigo. Nikaona bahati imeniangukia. Kipini wakamchukua Mzee Shee awaongoze, maana magofu yale yamo kichakani na yeye ndiye aliyekuwa akiyafyekea njia tangu ujana wake.

Jua la siku ile, we acha tu. Lile la kabla ya mvua, lisilo na upepo, hata nyani wamenyamaza. Mzee akatuonyesha msikiti mkubwa: kuta zimebaki, dari hakuna, mti umeota pale imamu alipokuwa akisimama. Titus hakupiga picha hata moja. Alikuwa akigonga kuta kwa kidole na kutega sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Kuna kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya Kichina," akasema. "Liko wapi?"

"Lilikuwapo," Mzee Shee akajibu. "Watu washayang'oa zamani."

Akatuingiza kichakani tena. Baada ya muda nikauona ukuta uliopasuka ambao tulikuwa tumeshaupita, sasa uko upande wa kushoto. Nikajua mzee anatuzungusha. Anataka nini? Labda anataka aongezwe kitu. Labda ana wenzake wanatungoja huko mbele. Sisi watu wa mtoni tumezoea kuwashuku watu wa pwani, nao wanatushuku sisi, na sote tunamshuku mfugaji akipita na ng'ombe wake. Kwa hiyo macho yangu yote yakawa kwa yule mzee. Kwa Titus sikuyapeleka kabisa.

Maji yakaisha. Nilikuwa nimebeba dumu la lita tano, na Titus alinawia uso. Mzee Shee akaketi juu ya jiwe.

"Basi turudini. Huku hakuna maji mpaka mjini."

Hiribae akacheka. "Mzee, umepotea njia ama umepotea akili?"

"Vyote viwili, mwanangu. Ni uzee huu. Turudini."

Titus alikuwa ameshageuka. Elewa hapo: alikuwa ameshageuka kurudi kwenye gari, na mambo yote yangeishia pale. Mimi nikafungua mdomo.

"Mzee anadanganya. Maji yapo!"

Nilijuaje? Nilipokuwa mtoto nilikwenda huko na mjomba wangu mrina asali, kiu ikatushika, na Mzee Shee huyo huyo akatuchotea maji kwenye kisima kilicho nyuma ya msikiti mdogo. Alininywesha kwa kifuu cha nazi. Sasa nikatangulia mbele yao kama jogoo. Kisima kikawa pale pale, maji baridi, na hatua kumi kutoka kisimani kaburi la nguzo, mabakuli yake matano ya kaure yanang'aa, meupe na buluu. Titus hakunywa maji. Mzee Shee hakunigombeza. Alishusha kofia yake usoni akatutangulia mpaka mjini.

Wiki haikuisha Hiribae akarudi. "Twende tukachimbe kidogo, ni utafiti." Safari hii mzee hakuitwa. Niliona patasi na nyundo mfukoni mwa Titus. Mtu akikwambia hakujua, usimwamini. Mimi nilijua, nikachimba. Nguzo ikainama, ikaanguka pamoja na ukuta, ikanilalia mguu. Wakaokota mabakuli matatu yaliyobaki mazima, wakayafunga kwa shuka langu mimi, wakasema wanakwenda kuita watu. Nikasikia gari linawaka. Halikurudi.

Aliyekuja ni Mzee Shee, alasiri, akifuata alama za magurudumu. Akanipa maji ya kisima kile, kwa kifuu. Nilipomaliza akauliza, "Ni nani?"

Hiribae ni damu yangu. Nikasema sijui.

"Hujui," akasema. "Kisima ulikijua, watu huwajui." Akaenda kuita wa kunibeba.

Mjini wakasema Shee kauza mabakuli ya wazee wao, mimi kanikodi tu kuchimba, maana nani mwingine aliijua njia ile? Wakamnyang'anya kazi ya kutunza makaburi. Akipita barazani, watu wananyamaza. Alikufa na jina hilo. Mimi nilikuwa Wema kwa mama, mguu umefungwa vijiti, habari zote zinanifikia, na neno moja langu lingetosha.

Basi nalisema leo. Aliyeshika patasi ni Titus. Aliyemleta ni Hiribae, ambaye siku hizi ana duka Garsen na watu wanamwamkia kwa heshima. Aliyeonyesha njia ni mimi, Buya. Mzee Shee hakuwamo.

Na wewe, jiulize kwa nini Hiribae amekutafuta wewe wakati vijana wa Kipini wamejaa. Anajua nilikupeleka kuliona kaburi la mzee yule, kule kule karibu na kisima chake. Njia imemezwa na kichaka, na anajua wewe unaijua; makaburi mengine ya kale bado yamo kule.

Mwanangu, mwenyeji akikuzungusha juani usikimbilie kumwita mwongo. Mtazame anayeongozwa: anagonga nini, mfukoni ana nini. Kiu vumilia, gari si mbali. Na ukishakosea, taja majina siku hiyo hiyo, hata kama la kwanza ni lako. Mimi nimechelewa, mwenye haki ya kuyasikia yuko chini ya mchanga. Lakini wajukuu wake wapo. Kesho nakwenda Kipini kuwaambia, nikiwa bado mlangoni, kabla sijapewa kiti. Utanishika mkono, mguu huu hauwezi mchanga. Na sasa hivi toa simu, mjibu Hiribae hapa mbele yangu, nisikie.

Mungu akupe mdomo unaojua kunyamaza na unaojua kusema, asikuache ukavichanganya kama nilivyovichanganya mimi. Akupe watu watakaokuchotea maji bila kukuuliza, na akulinde usije ukawageuka. Amina.