Krepi Iliyonuka Ndagala

Mwaka wa uhuru kila nyumba iliyotazama barabara kubwa ya Rumonge ilitakiwa ing'ae. Baba alikuwa amekwisha kufariki, ametuachia nyumba ya matofali. Mama akaniambia hataki watu wapite wadhani waliokufa ni sisi sote. Basi nikapiga krepi, ile lipu ya kurushwa inayoacha ukuta na vipele, juu yake chokaa nyeupe. Mchanga niliuziwa na jirani wa mkono wa kushoto, mwenye mitumbwi na uwanja wa kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Namtaja mapema kwa sababu mkosaji ni yeye, wala si kwa mchanga tu.

Mvua ya kwanza ukuta ukavimba. Ya pili ukaanza kubanduka vipande vipande.

"Nyumba yenu iko na upele," wanawake wa sokoni walinipigia kelele. "Muipeleke dispanseri."

Mama akaacha kukaa barazani. Alihamisha mkeka nyuma ya nyumba, akawa anachambua mchele ameipa barabara mgongo. Hilo liliniuma kuliko kelele za sokoni. Nikapaka chokaa tena, ikabanduka tena. Jirani akaja kutazama, mikono nyuma.

"Ukuta wa marehemu ulikuwa mubovu tangu zamani," akasema. "Alipenda kubana pesa, mzee wako."

Nikarudi kukwangua ukuta. Jibu lilipatikana kwa paka wa jirani. Walikuwa wanakuja kila asubuhi kulamba ukuta wetu, nasi tuliwafukuza tu, mpaka siku mke wangu alipookota kipande, akakilowesha mate, akakisugua na kunusa.

"Baba watoto, hawa paka hawana wazimu. Hii iko ndagala."

Nikamwendea jirani. "Mchanga ule ulichota wapi?"

"Ziwani. Ulitaka niutoe mbinguni?"

"Ziwani upande gani?"

Akacheka. Alikuwa ameufagia uwanjani kwake, chini ya ndagala, pamoja na magamba na mafuta yaliyodondoka mwaka mzima. Simenti haishiki penye mafuta. "Basi ushukuru," akaniambia, "umepata ukuta na mboga."

Tulibandua yote kwa panga mpaka matofali yakaonekana, tukayasugua kwa majivu. Mchanga mpya tuliuleta kutoka mto Murembwe, tukauosha mpaka maji yakatoka meupe. Mama alinusa kila karai kabla halijachanganywa. Moja alilimwaga. Tukalowesha ukuta, tukairusha krepi kwa fungu la vijiti, mimi, kaka yangu na mke wangu, tukatapakaa mpaka kwenye nywele.

Mvua zikaja, zikapita. Hakikudondoka kitu. Mama akarudisha mkeka barazani, na jirani alipopita akamwita: "Amahoro, jirani. Paka wako wanaendeleaje?" Barabara nzima ilicheka, akakosa pa kuangalia.

Mwaka wa sabini na mbili, ule wa mauaji, askari walipokuja mtaani kwetu, huyo jirani alitangulia mbele yao, akanyoosha kidole mlangoni petu. Walimchukua kaka. Hakurudi. Sisi tuliobaki tukakimbia kwa mtumbwi, na mama alifia Kigoma akiuliza kama krepi bado imeshika.

Nimerudi na mvi. Paa halikuwepo, wala madirisha. Mlango wetu niliuona, uko kwa jirani, rangi ile ile. Matofali pia aliyataka: ukuta wa mbele una alama za sururu, nyingi, lakini krepi haikuachia.

Alitoka na fimbo yake, akasimama.

"Ukuta wenu mugumu sana," akasema, hata salamu hakutoa.

"Mchanga wa mto," nikamjibu. "Mlango ulichukua. Kaka yangu ulimtoa. Huu ulikushinda."

Akageuka akaingia ndani, akaufunga ule mlango wetu.

Nimeezeka mabati mapya. Alama za sururu sikuziziba. Nataka zionekane kutoka barabarani. Jioni natandika mkeka barazani, mgongo kwenye krepi, na kila apitaye namsalimu. Yeye pia. Namuuliza paka wake wanaendeleaje.