Mume wangu ameikata sauti yangu akaibandika kwenye nyumba mbovu

Asalaam alaykum nyote. Admin, nifiche jina, na tafadhali usinitake nitume sauti kama wanavyofanya wengine. Nimeandika makusudi. Nikitamka maneno mawili tu watu wa Mombasa watanijua, na hapo ndipo penye shida yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa, nina watoto wawili, twakaa Mji wa Kale. Mume wangu kazi yake ni kukagua nyumba. Mtu akitaka kununua, humwita kwanza aangalie kuta, mabomba, nyaya za umeme na dari. Lakini kazi ilikuwa imelala, maana huku kwetu mtu hununua nyumba kwa kumwamini dalali. Ndipo akaanza kupiga video kwa simu na kuziweka mtandaoni. Sasa yeye mbele ya kamera hubabaika kama mtu anayesomewa mashtaka, akaniomba mimi niwe ndiye msemaji. Sura yangu haionekani, ni sauti tu. Na kila video nilimalizia hivi: "Itazame dari kabla hujaipenda nyumba."

Kumbe watu walikuwa wakiingoja sauti hiyo! Simu zikawa hazikatiki. Nikawa siwezi hata kununua bamia sokoni Marikiti kwa amani, nikiuliza bei muuzaji ananiuliza kama nimeshaitazama dari ya kibanda chake. Sitawaficha, nilikuwa naona raha. Mume wangu naye akinitania kwamba wateja wanafuata sauti, yeye ni mbeba ngazi tu.

Mambo yakaharibika pale ami yake alipotaka kuuza nyumba yake ya ghorofa, nyumba kongwe ya mawe, dari yake imebebwa na boriti. Huyu ami ndiye mwenye hata hii nyumba tunayokaa sisi, na tangu tuoane hajatudai kodi. Akataka tumtolee video. Tukaenda. Nimesimama ukumbini, mume wangu juu ya ngazi anagonga boriti, mara unga wa mbao ukanimwagikia begani, buibui likawa jeupe. Akagonga nyingine, unga tena. Iliyofuata aliichoma kwa bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Mimi si fundi, lakini nimesema maneno ya kazi hii miaka, najua boriti iliyoliwa na wadudu hivyo ni ya kung'olewa. Ami yuko pale kwenye kiti anakunywa kahawa yake kama mambo hayamhusu.

Boriti hazikung'olewa. Dari ilipakwa chokaa, basi. Mume wangu akaniletea karatasi nisome kwamba boriti ni nzima. Nikamwambia hii sisomi, hata unikasirikie mwaka mzima. Akaikunja karatasi yake, nami nikadhani yameisha.

Siku chache baadaye niko kwa jirani, akanionyesha simu yake, anatabasamu. Ile nyumba ya ami, na sauti yangu juu yake! "Boriti zake ni nzima, kavu, hazina mdudu." Maneno ni yangu kweli, lakini niliyasema zamani kuhusu nyumba nyingine. Ameyakata huko akayabandika huku, na mwisho kabisa akatia ile ya itazame dari.

Nilirudi nyumbani nalia. Akanisubiri ninyamaze, kisha akasema kwa upole, "Wewe hukusema uongo. Nyumba ile uliyoisemea ilikuwa nzima." Nikamwambia aiondoe. Akasema, "Nikiiondoa ami atatutoa hapa. Tutalala wapi na watoto?" Mamangu yuko chumba kimoja na dada zangu, hakuna pa kuongeza mkeka.

Basi majuzi nilikuwa kwenye shughuli ya kupaka hina. Nimemwambia mtu anisogezee birika, mwanamke mmoja akageuka akanikumbatia. Akasema sauti yangu angeijua hata gizani. Ni mjane, ana watoto watatu, na anayenunua nyumba ya ami ni yeye, kwa mirathi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nilijaribu kumshauri alete fundi mwingine aangalie. Akacheka, akaniuliza fundi gani tena, na mimi mwenyewe nimeshasema? Ukumbi ulijaa watu, na wifi zangu wako ubavuni mwangu. Nikatabasamu kama mjinga, tukapeana namba.

Leo amenitumia ujumbe: "Dadangu, nimekwenda nikaitazama dari kama unavyotufundisha. Ni nyeupe, inapendeza, lakini mimi sijui kitu. Wanangu watalala chini yake. Niambie wewe tu kama ni salama. Nijibu kwa sauti, usiniandikie. Nikikusikia nitatulia."

Kesho baada ya alasiri anatoa arbuni, ile pesa ya kuishika nyumba. Nimerekodi jibu, nimefuta, nimerekodi, nimefuta. Nikisema kweli, ami atatutoa, na mume wangu hatapata tena kazi mji huu, nani atamwamini? Nami nani ataniamini kwamba sikuyasema, na sauti ni yangu? Nikinyamaza, nawaona wale watoto wamelala. Mume wangu amekaa hapa ubavuni, ameliona jina la yule mama kwenye simu yangu. Amenishika mkono, wala hauachii.

Nishaurini jamani, tena upesi. Naona yuko mtandaoni sasa hivi, anangoja kunisikia.