Kukausha Gesi ya Kipande cha Mkaa

Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Kilitoka kwenye jiko la kale lililofukuliwa shambani juu ya Elburgon, na hakukuwa na kingine. Kazi yangu, katika maabara yetu hapa Nakuru, ilikuwa kukichoma, kunasa gesi yake ndani ya mirija ya kioo na kuikausha kabla haijapelekwa kupimwa ili umri wa mkaa ujulikane. Unyevu ukibaki, kipimo kinaharibika. Na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Hata chumvi jikoni kwangu ilikuwa imelowa.

Nilianza kwa kujaribu vikaushio viwili, nikichoma vumbi la mbao. Punje za silika, kama zile za vipakiti vya viatu vipya, zilikausha vizuri, ila gesi iliyotoka ilikuwa pungufu: zilikunywa maji zikameza na gesi. Kwa vumbi la mbao si neno, lipo tele. Unga mweupe wa fosforasi haukumeza gesi. Ubaya wake, ukishakunywa maji hufanya gamba kama uji uliopoa, na gamba likikaza njia inaziba.

"Wewe ndiye umejaribu," mkuu wangu aliniambia. Alikuwa mama mpole, na upole wake ulinitisha zaidi. "Chagua."

Nilichagua unga.

Mkaa ukaungua, sindano ya geji ya shinikizo ikapanda, nikafungua koki gesi ipite kwenye unga. Sindano ikashuka kidogo, kisha ikasimama.

"Madam, imeziba." Hata sauti yangu sikuitambua.

Alikuja akainama. "Usifungue kitu. Hewa ya nje ikiingia tumekwisha."

"Sasa tufanyeje?"

"Gonga mrija kwa kalamu. Polepole."

Niligonga. Wapi! Jasho lilijaa ndani ya glavu. Nilimkumbuka mchimbaji aliyekileta kile kipande kimefungwa kwa foili, akanikabidhi kwa mikono miwili: "Dada, ni hako tu."

Niligonga tena, na tena, nikiogopa kuvunja kioo. Mwishowe gamba likapasuka, ufa mwembamba kama unywele. Sindano ikaanza kushuka, taratibu, hadi chini, na kwenye mrija uliozamishwa ndani ya nitrojeni baridi ya kimiminika gesi ikaganda, nyeupe.

Mkuu wangu alicheka. Mimi nilienda chooni nikalia kidogo.

Majibu yalirudi mazuri. Siku hizi unga nauchanganya na sufi ya kioo, nyuzi laini kama pamba, usishikane, lakini sindano ikisimama tu, naitafuta kalamu.