Walitutoa kwenye rekodi ya zeze la baba mkwe eti ni makelele, sasa nimejibu

Hodi wakuu. Mtakaonipa shikamoo, marahaba kabisa. Nina miaka themanini na ushee, nachapa kwa kidole kimoja, na haki ya Mungu sina sababu ya kuwaongopea.

Miaka miwili kabla ya Uhuru nilikuwa bi harusi wa miezi mitatu pale Utange. Baba mkwe wangu, Mzee Karisa, alikuwa mpiga zeze. Kwa msiolijua: kibuyu, kijiti na uzi mmoja unaokwaruzwa kwa upinde.

Zeze la kwetu huuliza, na wanawake hujibu kwa kuimba. Mimi ambaye mbele ya baba mkwe hata kukohoa niliona haya, hapo nilikuwa na ruhusa ya kumjibu kwa sauti ya juu.

Nililipenda hilo kuliko harusi yenyewe, msinicheke.

Basi akaja fundi wa santuri kutoka kisiwani na mashine yake. Akaazima darasa kule Magogoni, akatundika blanketi madirishani, akamtaka mzee peke yake.

Sisi wanawake akatutoa nje. Eti tunatia makelele!

Tukakaa juani, tumetega masikio. Mama mkwe, Hawe Sidi, alikuwa amevimba kwa hasira.

Mzee akapiga swali la kwanza, akanyamaza. Fundi akamwambia aendelee.

"Sijajibiwa," mzee akasema.

Wakaanza upya. Swali, kimya. Mara tatu! Tepu inazunguka, inarekodi nzi tu.

Hawe Sidi akachoka. Akang'oa blanketi la dirisha moja, akaingiza kichwa dirishani, akajibu. Nasi nyuma yake tukaitika kwa nguvu zote.

Fundi alishika kichwa, lakini hakuizima mashine. Santuri ikatoka hivyo hivyo, sisi tumo. Ikapigwa mpaka Likoni.

Sasa mwezi uliopita kijana mmoja kaiweka mtandaoni. Nikafurahi, nikaongeza sauti.

Loh! Kaandika "imesafishwa". Katutoa wote.

Baba mkwe anauliza, kimya. Anauliza tena, kimya. Nililia, sifichi. Kina Hawe Sidi wote tumeshawazika, nimebaki mimi tu.

Nikamwandikia airudishe ilivyokuwa. Akanijibu, "Bibi, watu wanataka kusikia zeze."

Zeze gani hilo lisilojibiwa? Hasira zikanipanda mpaka nikasahau magoti yanauma.

Juzi nikaipiga kwenye simu moja, nikarekodi kwa nyingine. Kila Mzee Karisa alipouliza, nilimjibu. Majirani walidhani kuna msiba, wakaja mbio, na wawili wakaishia kuitika nami.

Nilichojifunza, wakuu: ukitaka kuhifadhi ngoma ya watu, usiwatoe watu.

Rekodi yangu nimeiweka hapo chini. Sauti ni ya kizee, inakwaruza, na jogoo wa jirani yumo. Mwenye neno aseme, nasoma yote.

Mwenye kutaka kusafisha, akasafishe kwao.