Mchongaji na Mawaridi Yake

Kila asubuhi kabla ya kushika patasi, mchongaji wa nyumba ya pembeni alipiga magoti mbele ya mawaridi yake na kupangusa jani moja baada ya jingine kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni na magadi. Baridi ya Julai mwaka ule wa sabini na nane ilikuwa imeyaletea majani ugonjwa wa ukungu, mweupe kama unga, na mikono yake iliyozoea kuchonga mpingo ilishika majani kana kwamba ni masikio ya mtoto mchanga. Matawi yaliyozidiwa aliyakata na kuyachoma. Yaliyobaki aliyasemesha Kikamba. Jirani yake, Mbeti, aliona huo ni wazimu. Aliogopa ukungu usije ukaingia kwenye sukuma wiki yake, akaenda kumshtaki kwa karani wa mtaa.

Karani alikuja na panga. "Mzee, maua haya ni magonjwa. Ng'oa!"

Mchongaji hakuinuka. "Wewe ulipougua surua utotoni, mama yako alikung'oa?"

"Basi nitayang'oa mwenyewe."

"Ng'oa. Kesho nitapanda mengine, na kesho kutwa mengine. Utachoka wewe kwanza." Akaendelea kupangusa.

Karani akamgeukia Mbeti aliyesimama mlangoni. "Mama, si wewe uliyelalamika?"

Mbeti alilitazama jani lililotoka kupanguswa, likimetameta kijani kibichi.

"Nililalamika," akasema. "Sasa nimeacha. Nenda na panga lako."