Bomba Lililopanda Mlima

Nilifika chuoni na tranka, godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, na kujiamini kwingi mno. Sisemi hivi kujisifu. Haya, najisifu kidogo. Chuo kilikuwa kipya hata rangi ya milango ilikuwa bado inashika viganja, sisi ndio tulikuwa wa kwanza kabisa kuingia, na mimi nilikuwa nimetoka Murungu, Kibondo, hapo tu, kuja Kasulu. Wenzangu wa Dar es Salaam na Dodoma walijifunika mablanketi saa nne asubuhi wakilalamikia baridi. Mimi nilikuwa nakatiza uani na kandambili na kanga begani, nawaambia, "Poleni, mtazoea."

Nyumbani hawakuniaga wote kwa moyo mmoja. Baba yangu mdogo alisimama uani siku naondoka, akasema mbele ya majirani, "Mtoto wa kike uhandisi wa nini? Si angesomea ualimu tu, akarudi hapa hapa?" Nikamjibu, "Baba mdogo, ualimu ni kazi nzuri sana. Nakuombea uipate wewe." Mama aliziba mdomo kwa pembe ya kitenge ili asionekane anacheka, halafu tulipoingia ndani akanigombeza kweli kweli. Ndivyo nilivyo. Neno likifika ulimini mwangu, kulirudisha ni kazi.

Lakini sikuchagua uhandisi kwa kubisha. Kwetu chemchemi iko bondeni na nyumba ziko mgongoni mwa kilima, na maji yanapanda kwa vichwa vya wanawake. Nimeyapandisha tangu nikiwa mdogo wa kupewa kindoo. Mama ameyapandisha maisha yake yote na shingo inamuuma mpaka leo, akigeuka kukutazama anageuka mwili mzima. Niliapa nitayapandisha kwa bomba. Basi. Hiyo ndiyo sababu yangu yote, na sikuona haja ya kumweleza mtu ambaye hajawahi kubeba ndoo.

Sasa, Jumatatu ya kwanza, mwalimu wetu wa upimaji akaingia darasani. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye Kiswahili laini ambacho hata akikutukana unaweza kusema ahsante. Akatutazama tulivyojazana kwenye madawati, akatikisa kichwa.

"Mmekuwa wengi kuliko vifaa," alisema. "Ijumaa kutakuwa na zoezi la uwanjani. Atakayefaulu atabaki uhandisi. Atakayeshindwa hatafukuzwa, asiwe na wasiwasi, atahamishiwa ualimu wa hisabati. Nafasi zipo."

Ualimu! Nilimwona baba yangu mdogo waziwazi, amekaa kwenye kigoda, anatabasamu.  Halafu nikajikaza kisabuni, nikajiambia, wewe, hicho kilima unakijua kuliko yeye.

Pembeni yangu alikaa kijana mmoja wa Dar es Salaam, mrefu, mwenye raba nyeupe ambazo udongo wetu mwekundu ulikuwa umeshaanza kuzishughulikia. Mtu mwema lakini kila dakika amepotea. Siku ile ile aliniuliza kantini iko wapi.

"Shuka," nikamwambia, "ukipita tangi panda kidogo, iko upande wa juu."

"Sista, kushoto au kulia?"

"Itategemea umegeukia wapi. Juu ni juu tu, kaka."

"Hii nchi yenu noma," akasema.

Nilimcheka wiki nzima. Kwetu huko hakuna anayesema kushoto na kulia, seuze kaskazini. Tunasema juu na chini, kwa sababu ardhi yenyewe imelala hivyo na haibadiliki ukigeuka. Mama anaweza kukuambia usogee chini kidogo kwenye mkeka, na unajua ni upande gani, kwa kuwa hata ndani ya nyumba unajua bonde liko wapi. Kulikuwa na mwenzetu mwingine, wa Kasanda, jirani na kwetu, mkimya, na yeye nilipomwambia kantini iko upande wa juu alienda moja kwa moja akala. Nikasema, huyu ana akili.

Katikati ya wiki tukagawanywa viwanja. Kila mwanafunzi alionyeshwa peke yake sehemu moja ya chuo na kuambiwa apime njia ya bomba kutoka tangi la maji hadi hapo. Mimi nilipewa kona ya hosteli ya wasichana, ambako bomba lilikuwa halijafika na tulikuwa tunachota kwa ndoo, kana kwamba sijaondoka nyumbani. Nikasema, Mungu ananipenda. Nilikokota futi kamba kwenye nyasi zenye umande, nikalikwepa jiwe kubwa, nikakwepa shimo la choo kilichokuwa kinachimbwa, nikapata mstari wenye kona mbili, unaoteremka vizuri hata kipofu angeuhisi kwa nyayo.

Masharti ya mchoro yalikuwa haya: usiandike neno hata moja. Mistari, urefu, kona na alama tu. "Weka kila kitu atakachohitaji mgeni," mwalimu alisema, "kwa sababu siku atakapousoma hutakuwepo." Nilichora Alhamisi alasiri kwenye meza ya kantini. Tangi nikaliweka juu ya karatasi, maana liko juu. Hosteli nikaiweka chini, maana iko chini. Mistari yangu ilikuwa safi, namba zimenyooka. Niliutazama ule mchoro nikaupenda, Mungu anisamehe, nikampitishia mwenzangu wa Kasanda autazame. Akasema, "Umetulia." Wake ulikuwa umekaa vile vile.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana tukakusanywa kwenye tangi. Mwalimu akachukua simu zetu zote, akaziweka kwenye beseni. Halafu akachukua michoro, akaichanganya, akaigawa upya. Kila mtu akapata mchoro wa mwenzake, dira, futi kamba, nyundo na vigingi. Kwa zamu, mmoja mmoja, ufuate karatasi, upigilie vigingi, na kigingi cha mwisho kikiangukia pale mwenye mchoro alipopangiwa, mwenye mchoro amefaulu. Aliyechora haruhusiwi kusema kitu.

Mchoro wangu ukaangukia kwa nani? Kwa yule mtoto wa mjini.

Alisimama kando ya tangi, akaiweka dira juu ya karatasi, akaizungusha karatasi taratibu mpaka sindano ikaelekea kileleni mwa ukurasa, kama alivyofundishwa shule, kwamba kaskazini huwa juu. Kisha akageuka, akaipa hosteli mgongo, akaanza kupanda mlima.

Nilidhani anatania. Alipiga kigingi cha kwanza mahali hata mbuzi wetu wasingekwenda. Akapinda kona vizuri kabisa, upande usiokuwa wenyewe, akaingia kwenye mikaratusi, tukabaki tunasikia nyundo tu. Darasa zima likaanza kucheka. Mimi nilikuwa nahesabu mapigo ya nyundo. Baada ya muda tukasikia ukelele, akatoka mbio, anajipiga mapaja, suruali ameikunja mpaka magotini. Kigingi cha mwisho alikuwa amekipigilia juu ya kichuguu, na siafu walikuwa wamempokea.

"Ulipoona unapanda hukushangaa?" mwalimu akamuuliza.

"Nilishangaa, mwalimu," akasema, anabandua siafu shingoni. "Ila karatasi ilisema niende. Nikajua kuna pampu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwalimu hakucheka. Alinigeukia, akaninyooshea karatasi yangu.

"Binti, kaskazini iko wapi kwenye mchoro huu?"

Nikaitazama. Mshale wa kaskazini haukuwepo. Kichwani mwangu haukuwahi kuwepo, na wala sikuusahau, kwani hukisahau kitu ambacho hujawahi kukihitaji. Kilima kile kinateremkia kaskazini. Kusini ndiko nilikokuweka juu ya ukurasa, na sikujua kama kuna mtu duniani anayeweza kuisoma karatasi kinyume na mlima. Uso ukaniwaka moto.

"Mwalimu, mchoro ni sahihi," nikasema. "Yeye ndiye ameushika vibaya. Mpe huyu wa Kasanda, uone."

 Huwezi kumjibu mwalimu hivyo wiki ya kwanza, hata mimi nilijua. Lakini akamwita yule mkimya, akampa karatasi. Yule bwana hakuigusa hata dira. Alitazama mara moja, akateremka, akakwepa jiwe, akakwepa shimo, kigingi cha mwisho kikasimama kwenye kona ya hosteli. Mtoto wa mjini hakuona kitu, alikuwa nyuma ya tangi anajitoa siafu, na vigingi vikang'olewa. Nikavuta pumzi. Nikaanza hata kutabasamu.

"Vizuri," mwalimu akasema. "Nyinyi wawili ni watu wa mlima mmoja, mnaelewana. Sasa niambie. Mafundi wakitoka Mtwara, bomba lako litafika wapi? Kwenye kichuguu. Mchoro unaosomwa na jirani yako peke yake ni barua kwa jirani."

 Alikuwa amesema kweli na ilinichoma. Moyoni nilimwona mama anapanda na ndoo, anageuka mwili mzima kunitazama nikirudi. Machozi yalikuja, nikayakataa.

"Naomba kalamu," nikasema.

"Ya nini?"

"Naomba kalamu tu, mwalimu."

Akanipa. Nikakaa na karatasi pale pale kwenye nyasi, nikachora mshale mmoja, kichwa chake kikielekea chini ya ukurasa. Sikugusa mstari, sikugusa namba. Nikasimama nikamwambia apewe mgeni tena.

 Mwalimu akasema yeye hana haki ya kumrudisha mtu kwenye siafu. Atakayeamua ni yule kijana mwenyewe. Nikamtazama yule kijana, ameshatoka nyuma ya tangi. Miguu ilikuwa imemvimba vipele vyekundu, raba zake hazikuwa nyeupe tena na hazingekuwa tena. Wiki nzima nilikuwa nimemcheka. Nilikuwa namwita aliyepotea, mbele ya watu, na sauti yangu haijawahi kuwa ndogo. Angekataa nisingemlaumu.

"Lete," akasema, akainyakua karatasi. "Ila nikiumwa tena, sista, utanibeba."

"Na wewe," mwalimu akaniambia, "usitoe sauti. Usinyooshe kidole. Usikohoe."

Jamani! Sijawahi kufanya jambo gumu namna ile. Nilifumbata kanga yangu kwa mikono miwili, nikauma ulimi. Yule kijana akasimama kwenye tangi, akaweka dira. Akaona mshale. Akaigeuza karatasi juu chini. Akaigeuza tena. Akasimama, akajikuna mguu, akatazama mikaratusi kama mtu anayemtazama mdeni wake. Nikawa nasema moyoni, geuka, baba, geuka, geuka huko chini. Akanyanyua mguu kuelekea kule kule mlimani, na roho ikanitoka.

Halafu akasita. Akaitazama tena ile sindano. Akacheka peke yake, akageuka, akateremka.

Nilimfuata kwa macho kigingi kwa kigingi. Kwenye jiwe akapinda kabla ya kuligusa. Kwenye shimo la choo akapita ukingoni, akavuta kamba, akarudi kupima tena kwa sababu hakuamini, akapigilia. Alipofika chini akawa mdogo, hatukuweza kuona vizuri, tukasikia tu nyundo ikigonga. Mwalimu akateremka polepole mikono nyuma, nasi tukamfuata kundi zima, hakuna anayecheka tena. Kigingi kilikuwa kimesimama kwenye kona ya hosteli ya wasichana, karibu na ukuta kiasi kwamba ungekaa pale ungeegemea.

Mwalimu akakisukuma kwa ncha ya kiatu kuona kama kimeshika. Kilikuwa kimeshika.

"Umebaki," akaniambia. "Sasa unaruhusiwa kusema."

Sikusema. Nilitupa kanga hewani na kupiga vigelegele, vile vyenyewe vya kwetu, virefu, kifua chote, mpaka yule kijana wa Dar akaziba masikio. Ng'ambo ya bonde, wanawake waliokuwa wanapalilia maharage waliinua migongo yao, wakaweka majembe chini, na bila kujua kama ni harusi au ni mtoto amezaliwa, wakaitikia.