Ukuta Uliovuta Uradi

Kivinje wananiita Mama Uradi, na msidhani ni jina la sifa. Nikipita sokoni kununua dagaa, watoto wananguruma mmmm puani, mama zao wanajifanya wanawakataza huku wenyewe wanauma kanga wasicheke. Nimeshazoea, lakini acheni niwahadithie mwenyewe, maana mkisikia kwa watu mtaambiwa nilikimbia barabarani uchi, na hilo si kweli, kanga moja ilibaki.

Mimi ni mtu wa Mitole, mkulima wa ufuta na korosho, na miaka yote nilikuwa na ndoto moja tu, nyumba ya kupangisha, nizeeke nikila kodi badala ya kuinama shambani (mgongo ulishaanza kunung'unika). Mwaka korosho zilipokwenda vizuri nikauza na mbuzi wangu wote, nikanunua nyumba kuukuu Kivinje, zile za zamani za mawe na chokaa, kuta zake nene mpaka ukikaa dirishani miguu haifiki nje. Sikubakiza kitu. Nyumba ile isipopata mpangaji ilikuwa nikaombe unga kwa kaka yangu Mohamedi, na Mohamedi huyohuyo nilishamwambia mbele ya watu kwamba hana akili ya maendeleo.

Nikampata fundi, Chande, mwashi mzuri ila mwingi wa maneno. Asubuhi moja alikuwa anakwangua chokaa chumba cha mbele, mara nikaona kimya, nikaenda kuchungulia nikamkuta ameweka sikio ukutani na kofia kaishika mkononi. Akaniashiria nisogee. Nikaweka sikio pembeni ya shubaka, kile kijidirisha cha ukutani walichokuwa wakiwekea taa zamani, na Mungu shahidi wangu, nilichosikia sijapata kukisikia tena. Ukuta ulikuwa unanguruma. Sauti ya chini, nzito, haipandi wala haishuki, haivuti pumzi, kama umati wa watu wamekaa nyuma ya yale mawe wamefumba midomo na wote wanarudia neno moja. Nywele zilinisimama, machozi yakanitoka, sikujua nalia nini.

"Mzee bado anavuta uradi wake," Chande akasema taratibu.

Nyumba ile zamani aliishi mzee mmoja aliyesifika kwa ibada, alikuwa akimaliza sala habanduki, anavuta uradi, kulirudiarudia jina la Mungu, mpaka jua linachomoza. Basi tukatazamana na Chande, na kila mmoja akaamini.

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini mimi nikaenda kwa jirani muuza maandazi, nikamwambia peke yake (na kumwambia yule peke yake ni sawa na kupanda juu ya bati ukapiga kelele). Jioni ileile watu wakaanza kuja, wanavua viatu mlangoni, wanaweka sikio, wanatoka wakiwa wapole, hata waliokuwa wamenuniana nikawaona wanapeana mikono. Akaja pia nesi mmoja kijana, Neema, Mkristo wa Dodoma aliyehamishiwa kwetu karibuni na alikuwa anatafuta nyumba. Akasikiliza muda mrefu, akasema pahali penye utulivu hivi ndipo angependa kulala, na kwamba siku ya dua ya kufungua nyumba atakuja na godoro lake kabisa. Jamani, nilivimba. Nikaanza kutembea polepole na kuongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyekabidhiwa siri, na walioniuliza nikawajibu kwamba si mimi niliyeichagua nyumba, nyumba ndiyo iliyonichagua mimi.

Sasa, jioni ya kuamkia dua, Chande anamalizia lipu ukuta wa nyuma, nikaona juu karibu na paa kuna tundu, nikamwambia alizibe, mvua itaingia. Akasema mbona kama kuna vidudu vinaingia humo. Nikamwambia vidudu gani Chande, ziba, kesho wageni wanakuja. Akaziba. Usiku ule uradi ukazidi, mpaka nikaona mzee amefurahi kusikia kesho atasomewa dua.

Kulipokucha wanaume wakajaa chumba cha mbele hadi barazani, wanawake uani na sufuria za pilau, na Maalim Athumani akaketi karibu kabisa na shubaka. Desturi ni chetezo cha ubani kukaa katikati ya watu. Mimi sikuridhika, nikataka moshi umfikie mwenyewe mzee, nikakipachika chetezo ndani ya shubaka na kukipepea kwa bidii, kisha nikarudi kusimama mlangoni mwa ukumbi nione watu wanavyolia.

Maalim akaanza. Ukuta nao ukapanda sauti, kwa mara ya kwanza ukapanda, na watu wakaanza kutetemeka kwa hofu ya Mungu, mzee mmoja akasema subhanallah. Kisha chokaa ya nyuma ya shubaka ikadondoka kipande, akatoka nyuki mmoja, akatua kwenye kofia ya mtu. Wakafuata wenzake wote.

Sasa niwaambie jambo nililowaficha tangu mwanzo. Marehemu baba yangu alikuwa mrina asali. Mimi nimekulia chini ya mizinga, nimeusikia mngurumo ule kabla sijajua kusema mama, na leo nauwekea pilau.

Wanaume walitokea milangoni na madirishani, kanzu zimepandishwa mpaka magotini, wakakimbilia baharini, na maji siku hiyo yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo walikimbia topeni mpaka tukawa tunawaona wadogo. Muuza maandazi alijifunika sinia la pilau, tupu kwa bahati. Mimi nyuki waliingia ndani ya baibui langu jipya, nikalivua palepale nikatokea barabarani na kanga moja kifuani, nikapishana na Neema anakuja na godoro kichwani, akanitazama, akatazama nilikotoka, akageuza na godoro lake bila hata kunisalimia.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Nilipochungulia kwa mbali nikamwona Maalim Athumani ameketi palepale, nyuki wamemjaa kilembani na mikononi, naye anaendelea na dua kituo kwa kituo, hakuharakisha hata neno, mpaka akafika aamin, akajipangusa uso, akainuka akatoka mwendo wake wa kila siku. Nilisahau hata aibu ya kanga.

Ikabidi nimwite Mohamedi, maana kazi ya baba aliirithi yeye. Akaja na moshi wake wa majani makavu na mizinga, jua likizama akaanza kuchokonoa lile shubaka, na hakusema neno hata moja kuhusu akili ya maendeleo (ningependa angesema). Alipotoa jiwe la mwisho akaniita nishike taa. Ndani ya ukuta masega yalining'inia toka juu mpaka chini, marefu kama mlango, ya ndani meusi kwa uzee, ya mbele meupe mapya, na asali inang'aa. Tukasimama pale, watoto wawili wa mrina asali.

Nyuki aliwahamishia kwenye mizinga akaenda nao Mitole. Mimi nikapita nyumba kwa nyumba na chupa za asali kuomba radhi. Kwa Neema nilibisha hodi mara nyingi kabla hajafungua, na alikubali kuhamia baada ya yeye mwenyewe kuweka sikio kila ukuta. Kwa Maalim nilifika mwisho, nikamkuta jicho moja limefumba, mdomo umevimba. Nikapiga magoti.

"Shikamoo Maalim. Nisamehe, niliwadanganya watu kwamba ukuta unavuta uradi."

"Marahaba. Hukudanganya, binti yangu," akasema kwa ule mdomo wake mzito. "Kila kiumbe kinamsabihi Mola wake, na nyuki kwenye Kitabu ametajwa. Kosa lako ni kudhani wanakusomea wewe."

Akapokea chupa ya asali, akaomba mkate.

Kodi naipata, mgongo umepona. Lakini nimeapa, hata mawe ya njiani yakinisalimu kwa jina langu, nitaitikia kimoyomoyo na kupita zangu, na muuza maandazi hatasikia kitu.